Kwa nini hatuwashi mashine mbili kwa ufunguo mmoja

Umeme ukikatika na mashine ya uthibitishaji ikazimika, wateja hutuuliza: kwa nini hamna mashine ya akiba inayoshika kazi papo hapo? Swali ni la haki, na linamhusu kila aliyeweka dhamana kupitia kwetu kwenye Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali iitwayo ETH.

Tangu Septemba 2022 Ethereum haichimbwi tena, yaani haitegemei kompyuta zinazoshindana kukokotoa. Kazi ya kuhakiki miamala iko kwa wathibitishaji, kila mmoja akiwa ameweka dhamana isiyopungua ETH 32. Kila sekunde 12 mtandao humteua mmoja wao kwa bahati nasibu alete bloku, yaani fungu la miamala, na wengine huipigia kura. Zamu yako ya kura huja mara moja katika kila kipindi cha dakika 6 na sekunde 24, na kura hutiwa sahihi kwa ufunguo wako, yaani namba ya siri ya kidijitali.

Mashine ikizimika, hupigi kura. Adhabu yake ni ndogo: unakatwa kiasi kinachokaribia kile ambacho ungelipwa kwa muda huohuo. Hali huwa nzito pale zaidi ya theluthi ya wathibitishaji wote wanapopotea kwa pamoja.

Kutia sahihi mara mbili ni kosa la aina nyingine kabisa. Mashine mbili zenye ufunguo mmoja zikiwa hewani pamoja zinaweza kupiga kura mbili zinazopingana, na mtandao hauulizi kama ulikusudia. Unakatwa sehemu ya dhamana na kuondolewa kwa lazima. ETH zako zinazuiwa kwa siku 36 hivi, na makato madogo yanaendelea muda wote huo. Wakinaswa wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja hukatwa zaidi. Na wanaonaswa mara nyingi si matapeli. Ni watu waliotaka mashine isizime hata dakika moja.

Kwa hiyo fedha ya tahadhari tunaitumia kwenye betri na laini ya pili ya intaneti. Ikibidi kuhamisha, tunahamisha kwa mkono: tunazima mashine ya zamani, tunachukua kumbukumbu ya sahihi zote ilizotia, tunafuta ufunguo humo, kisha tunaiingiza kumbukumbu hiyo kwenye mashine mpya. Hatuiwashi hadi vipindi visivyopungua viwili vipite. Malipo ya dakika hizo yanapotea, na tunaona ni sawa yapotee.

Tulio nao sisi ni ufunguo wa kutia sahihi tu. Ule wa kutolea ETH unabaki kwako. Usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina letu.