Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kutafuta Kuta

Ndugu wanachama,

Karibuni tena kwenye mkutano mkuu. Hesabu za fedha atazisoma mhazini baada yangu, kwa hiyo wenye maswali ya bei ya mirunda wavumilie kidogo. Mimi nitazungumzia kuta: zipi tumezipata, zipi zimetuponyoka, na kwa nini kamati yenu ya sanaa za mitaani inakuja mbele yenu na ombi ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Kuchora hakukuwa kazi kubwa ya kamati mwaka huu. Wachoraji hawajawahi kuadimika Dar es Salaam. Tuna vijana wa grafiti, tuna mafundi wa michoro ya tingatinga, tuna waliotoka Bagamoyo na waliotoka Chuo Kikuu, na kila wiki katibu anapokea simu ya mtu mwenye brashi na hamu. Kinachoadimika ni ukuta wenye ruhusa, uliokauka, na wenye mtu wa kuutazama sisi tukishafungasha ndoo zetu.

Nianze na ruhusa. Tangu Februari 2021, iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam, kwa maeneo yetu ngazi moja imepungua. Zilizobaki zinatosha. Unaanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, unapanda kwa mtendaji wa kata, diwani anapewa habari asije akausikia mradi barabarani, kisha barua inakwenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Hapo bado hujagusa barabara. Ukuta ukitazama barabara kuu, hifadhi ya barabara ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukitazama ya mtaa, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017. Kwa mpita njia lami ni ile ile. Kwa kamati ni barua mbili tofauti, na mirunda haisimami hifadhini mpaka iliyo sahihi ijibiwe.

Mwenye ukuta mwaka huu tumemweka mwanzo kabisa wa safari hii. Akikataa yeye, mihuri ya wengine ni mapambo.

Kazi iliyotupa raha kuliko zote ni ule ukuta wa shule ya msingi unaotazama kituo cha daladala. Tuliitisha kikao cha wakazi, wazazi na walimu. Mchoro wa awali ulionyesha mto Msimbazi, majani tele na jua kubwa linachomoza. Mzee mmoja wa barazani akasimama hata chai haijamiminwa: hii ni kijani na njano, mmetumwa na Yanga? Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mchoraji akasema atapunguza majani, aweke maua mekundu kwenye ukuta mweupe. Upande wa pili wa ukumbi ukapiga makofi, maana hapo tulikuwa tumeshahamia Mtaa wa Msimbazi kwa Simba. Na wapo waliotukumbusha kwa sauti ya chini kwamba kijani na njano zina mwenyewe mwingine pia, hasa uchaguzi ukikaribia. Tukatoka na bluu ya bahari na rangi za udongo, na jua likabaki, ila la machweo.

Halafu kinamama wakaomba kanga. Wazo lilikuwa zuri: pindo lizunguke ukuta mzima, mji wake uwe mchoro wa watoto, na jina liandikwe chini kwa herufi kubwa. Likakwama kwenye jina. Kila maneno yaliyopendekezwa yalikuwa na mtu wa kuyachukulia kuwa anasemwa yeye. Mama mmoja alieleza bila kuficha kwamba yakiandikwa yale mkabala na dirisha lake, anamjua atakayepita kila asubuhi akiyasoma kwa sauti. Pindo likabaki, mji nao ukabaki, jina hakuna. Huenda ndiyo kanga pekee mjini isiyomsema mtu.

Nimekisimulia kikao hiki kwa urefu kwa sababu kwangu mimi ndicho kilichokuwa kazi ya sanaa, kuliko hata rangi iliyofuata. Ukuta uliogombaniwa kabla ya kupakwa una wenyewe. Ule wa shule hadi leo haujabandikwa tangazo la mganga wala la chumba cha kupanga, na ile kona ya nyuma iliyokuwa imeandikwa “Usikojoe hapa”, maandishi ambayo hayakuwahi kumzuia mtu, sasa watoto wanakaa hapo kusubiri daladala.

Tuje kwenye udhamini. Kampuni moja ya rangi ilikuwa tayari kutupa rangi yote ya ukuta mwingine, kwa sharti kwamba nembo yake ikae juu ya mchoro, si chini pembeni. Nembo ikishakuwa kubwa kiasi cha kusomwa na aliyemo ndani ya daladala, hilo ni tangazo, na tangazo lina kibali chake na ushuru wake wa mabango. Tukauliza nani atalipa ushuru huo mwaka hadi mwaka. Jibu lilikuwa: chama. Kamati ikakataa. Wapo wajumbe walionuna na sababu zao nazielewa, bei ya ndoo ya lita 20 ya rangi ya nje mnaijua. Lakini wakazi walikubali kuchorewa ukuta, hawakukubali kuwekewa bango, na sisi ndio tungebaki kuwaeleza.

Ukuta wa zahanati ulichelewa, na uchelewaji huo naufurahia. Plasta ilikuwa mpya. Fundi rangi wetu alisema hapigi brashi kabla ya siku 28, na hakuna mdhamini wala mgeni rasmi aliyemtikisa. Saruji mbichi ina alkali, na alkali hula rangi ya mafuta: mafuta yale hugeuka sabuni, rangi inalegea na kubanduka vipande vipande.

Hili linawahusu sana wenzetu wa tingatinga, kwa hiyo naomba wasikilize bila kukasirika. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Hadibodi iliyotundikwa sebuleni haipandwi na unyevu kutoka ardhini, wala haipulizwi na upepo wa chumvi. Rangi hiyo hiyo ukiipaka kwenye ukuta wa tofali za saruji karibu na bahari, unauziba. Unyevu ulio ndani utatafuta pa kutokea, nao utatokea mbele, katikati ya shingo ya twiga wako, kwa malengelenge. Kamati imekubaliana na mafundi kwamba mtindo ubaki ule ule, lakini ukuta wa nje upakwe rangi ya maji ya akriliki juu ya praima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili alkali. Haitang'aa kama mlivyozoea. Vilevile nyekundu na njano kali nyingi hupauka mapema kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, wakati zile za udongo, zinazotokana na oksidi ya chuma, huvumilia. Anayechora aanze na hilo kichwani, si alikumbuke baada ya miaka miwili.

Mradi wa Kariakoo bado uko kwenye makaratasi, ila ndio uliotugawa, kwa hiyo mna haki ya kujua ulipofikia.

Wote mnaijua Sanamu ya Askari pale Posta. Ilizinduliwa 1927, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ikasubiwa shaba Uingereza na kuletwa huku. Imesimama palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji 1916. Wissmann aliishia Hamburg, na 1968 wanafunzi wa huko wakamwangusha. Maandishi yaliyo chini ya Askari yanawataja pia wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanawataja, basi. Aliyesimama juu ya jiwe ni mwenye bunduki peke yake. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, mchongaji huyo huyo alimchonga na mpagazi.

Wapagazi hao walipiga kambi Kariakoo, na jina la eneo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Pendekezo ni kwamba waonekane huko. Kundi moja linataka sanamu ya shaba ya mpagazi wa vita ile, mzigo kichwani. Kundi la pili, na humo wamo vijana wengi, linasema mchukuzi wa Kariakoo hajafa: yupo pale sasa hivi na mkokoteni, na guta, na gunia la viatu begani, akipiga kelele watu wampishe. Achorwe huyo. Wafanyabiashara tuliozungumza nao walikuwa na swali moja tu, nalo la maana: hiyo sanamu itakaa kwenye nafasi ya meza ya nani?

Msimamo wangu nauweka wazi ili mnipinge kwa haki. Shaba hatuiwezi. Mbao za nje zitaliwa na mchwa kabla hatujamaliza kumshukuru mgeni rasmi, na mpingo wa ukubwa huo ni nadra kuupata. Naona tuchonge kwa saruji, michoro ya kuinuka ukutani, mpagazi wa zamani na wa leo kwenye msafara mmoja, ili kazi isile hata hatua moja ya njia. Mahali nako ni nusu ya kazi. Nairobi walipoweka sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa 2011, waliiweka Moi Avenue, karibu na alipopigwa risasi 1969, na sidhani ingesema kitu kile kile ikiwa uwanja wa ndege.

Jambo moja kamati imelikataa moja kwa moja, nalo ni kuchora kwenye jengo la soko lenyewe. Soko la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, miaka ya 1970, na moto wa Julai 2021 haukufuta hilo. Ile ni kazi ya sanaa tayari. Kuipaka michoro yetu ni kumwandikia mtu shairi lako juu ya kurasa za kitabu chake.

Mikataba ya wasanii sasa iko sawa: malipo kwa awamu, jina la msanii ukutani, na kifungu kinachosema hakimiliki ya mchoro ni yake, kwa mujibu wa sheria ya 1999. Anayetaka kuutumia kwenye tangazo la biashara azungumze na msanii, na msanii akikwama aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mafunzo ya vijana wakati wa likizo yalikwenda vizuri. Katibu ana picha.

Sasa ombi. Kamati inapendekeza kanuni zetu ziongezwe mambo mawili. Robo ya fedha ya kila mradi iwekwe kando tangu siku ya kwanza kwa marekebisho, na isiguswe kwa uzinduzi, mahema wala fulana. Pili, ukuta usio na barua ya mwenyewe na jina la mwangalizi anayeishi au kufanya kazi hapo hapo, usipakwe, hata kama mdhamini amesimama nje na ndoo. Mwangalizi hatalipwa mshahara. Atapewa lita chache za kila rangi iliyotumika, namba ya simu ya fundi, na mamlaka ya kumfukuza mbandikaji matangazo.

Najua maana yake. Mwakani tutafanya kuta chache kuliko mwaka huu, na wajumbe vijana wameshaniambia kwamba wafadhili wanahesabu kuta, hawahesabu marekebisho. Ni kweli wanahesabu hivyo. Lakini zungukeni Ilala na Buguruni mtazame kazi za miaka iliyopita, za vyama vingine na zetu, zilizobaki nusu sura ya mtu na nusu plasta. Mkazi anayepita pale kila siku hajui ufadhili uliisha lini. Anachojua ni kwamba tulikuja, tukapiga picha, tukaondoka, na mwaka ujao tukimwomba ukuta wake atatukumbuka kwa hilo.

Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini. Kanuni zinahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria, hivyo naomba watu wasiondoke baada ya chai. Ukaguzi wa kuta zote unaanza Juni, masika yakishakatika. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, tunahitaji angalau watu wawili kwa kila kata, na mmoja wao awe mtu asiyeogopa ngazi.