Barua ya wazi kwa mpwa wangu: ukishaitaja takriri, endelea

Marahaba, mpwa wangu. Picha za daftari lako zimenifikia na nimezisoma zote. Fasili zako za mbinu za fasihi ni sahihi: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri (yaani kurudia neno au maneno), kejeli, ishara, kila moja na mfano wake. Kinachoniuma ni sentensi moja uliyoiweka chini ya kila mfano: "Mwandishi ametumia mbinu hii ili kupamba lugha." Umeiandika hata chini ya shairi la mtu aliyekuwa gerezani. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wenzako wengi nao wamezoeshwa kuishia hapo.

Tuanze na huyo mfungwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mshororo uliounukuu ni huu:

Siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate?

Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuwata ni kuacha, na nshishiyelo ni lile nililolishika. Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: si-wa-ti-n-shi-shi-ye-lo. Nane. Upande wa pili: si-wa-ti-kwa-ni-ni-wa-te. Nane tena. Sasa jaribu Kiswahili sanifu, "Siachi nililolishika". Umepata tisa, na kina cha "lo", ile silabi ya mwisho inayofanana mshororo hadi mshororo, kimepotea. Kwa hiyo ulipoandika "ametumia lahaja na inkisari", yaani kufupisha maneno ili mizani itoshe, ulikuwa sahihi, ila ulisimama mlangoni. Usome mshororo huo kwa sauti. Unaanza na "siwati". Unafika katikati, unapumua, na neno la kwanza baada ya pumzi ni "siwati" lilelile. Mishororo inayofuata nayo inafunguliwa na neno hilo. Huyu ni mtu anayetakiwa aache, naye kila akivuta pumzi anaanza na kukataa. Halafu lile swali la balagha, lisilongoja jibu, mwishoni, "kwani niwate?", linamgeuzia kibao anayemshurutisha: wewe ndiye utoe sababu. Ondoa takriri, ondoa swali, useme tu "Sitaacha msimamo wangu." Maana imebaki, lakini ukaidi wote umetoweka, na ukaidi ndio shairi lenyewe.

Sasa shika takriri hiyohiyo uende nayo Roma. Shakespeare unamjua, na tamthilia ya Julius Caesar tunayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1963, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Kaizari, ndiye huyo Caesar, ameuawa. Rafiki yake Antony anaruhusiwa kuzungumza mazishini kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomuua. Basi halaumu mtu. Anasema Brutus, mmoja wa wauaji hao, ni mtu wa heshima. Kisha anakumbusha kwamba Kaizari alileta mateka Roma na fidia yao ikajaza hazina ya umma, na Brutus ni mtu wa heshima. Kwamba maskini walipolia, Kaizari alilia, na Brutus ni mtu wa heshima. Kwamba alipewa taji mara tatu akalikataa mara tatu, na bado Brutus ni mtu wa heshima. Sifa haijabadilika hata herufi moja, lakini kila inaporudi imepungua uzito, mpaka raia wenyewe wanapaza sauti kwamba hao ni wasaliti. Antony hajavunja sharti. Angesema waziwazi kwamba Brutus ni msaliti, angeshushwa jukwaani kabla hajamaliza sentensi.

Unaona sasa? Kwa Abdilatif takriri inalikaza neno, kwa Antony inalichimba hadi liporomoke. Jina la mbinu ni moja na kazi mbili zinakinzana. Ndiyo maana "kupamba lugha" hainitoshi, na isikutoshe wewe pia.

Kwenye tamthilia kuna jambo jingine wanafunzi hulipita haraka: mbinu nyingi hazimo kwenye maneno ya wahusika, zimo kati ya jukwaa na sisi tuliokaa ukumbini. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Sisi tunaingia tukijua kilichotokea katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwamba risasi za Wajerumani hazikugeuka maji kama wapiganaji walivyoahidiwa walipopewa maji ya dawa. Wahusika hawajui. Kila wanapoyashangilia maji, sisi tunashikwa na hofu ambayo wao hawana. Hicho ndicho kinaya cha kitamthilia, na hutakipata kwa kupigia mstari neno lolote kitabuni.

Hapohapo ukaandika "maji ni ishara ya umoja." Kwa nani, na katika hatua gani ya mchezo? Mwanzoni ni kweli, maji yanawafanya watu wa makabila yaliyokuwa hayaelewani wasimame pamoja. Baadaye maji hayohayo yanawapeleka mbele ya bunduki, na Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyeyatoa, anaanza kuyatilia shaka aliyoyatamka. Mwisho anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Ishara imebadilika mikononi mwa watu. Usiifunge katika neno moja, fuatana nayo onyesho kwa onyesho.

Nisikudhulumu, mapambo yapo. Katika "Mamba", shairi jingine la diwani ileile ya kifungoni, Abdilatif anasema mwanzoni kwamba atalipamba, na papo hapo anasema atalifumba, wafumbue wawezao. Kisha analeta mamba mtoni anayejigamba na kudhani ataishi milele. Hapo umbo la jazanda, yaani picha inayosimama badala ya kitu kingine, linampa mfungwa nafasi ya kumzungumzia mwenye nguvu bila kumtaja. Pambo na fumbo vinafanya kazi bega kwa bega.

Kwa mtihani, jina la mbinu litaje, kwa sababu msahihishaji analitafuta. Lakini usiweke nukta hapo. Andika mfano: "Takriri ya 'siwati' mwanzoni mwa kila pumzi inaonyesha kwamba msemaji anarudia uamuzi wake kila anaposhurutishwa." Sentensi kama hiyo haiwezi kuhamishiwa shairi jingine, na ndivyo utakavyojua kwamba umelisoma hilo lililo mbele yako.

Jumamosi hii chukua hotuba ya Antony, msomee mdogo wako kwa sauti, umwambie anyooshe mkono pale atakapoacha kumwamini Brutus. Uniandikie ni pale wapi na kwa nini ni hapo. Wasalimie nyumbani.

Mjomba wako