Risala ya Kikundi cha Wazalishaji wa Mbegu za Nafaka kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi,
Maofisa ugani, wakulima wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakukaribisha kwa furaha kubwa na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Tunatambua kwamba umeyaacha mengine ili uwe nasi, na kwa heshima hiyo hatutakuchosha kwa kujieleza sana.

Kikundi hiki kilianzishwa na wakulima wachache waliochoka kupanda mbegu wasizozijua asili yake. Leo tuna vitalu vya mahindi yenye protini bora, mpunga na ngano, tuna katiba, na tuna kamati zinazokutana bila kusukumwa. Tunasema kwa fahari kwamba wanachama wetu wamebobea katika kutenga mashamba, kukata mbelewele kwa wakati na kuandika kumbukumbu za kila mstari, na kwamba mbegu zetu zimekuwa mfano wa kuigwa na majirani wote wanaotuzunguka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu yote inasimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba punje mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana sana kwa ndani kwa sababu ya jeni, yaani vibeba urithi, zilizorithi kutoka kwa wazazi. Katika mpunga, jeni iitwayo Waxy ndiyo inayoongoza utengenezaji wa amilosi, aina ya wanga isiyonata. Ikiwa haifanyi kazi kabisa, wanga wa punje huwa karibu wote ni amilopektini, aina ya wanga inayonata, na mchele ukipikwa hunata, na ikifanya kazi kwa nguvu mchele huchambuka. Katika ngano, aina za glutenini, protini za punje, ambazo mmea umerithi huamua kama unga utavutika na kuumuka au utakatika, na jeni za puroindolini huamua kama punje itakuwa laini au ngumu kinuni. Kutoka kwa ngano mwitu ilipatikana sehemu ya urithi iitwayo Gpc-B1, ambayo huyafanya majani yazeeke mapema na kuhamishia virutubisho vyake kwenye punje, hivyo protini, chuma na zinki vikaongezeka. Na anayedhani kwamba tofauti hizi ni ndogo akumbuke jaribio lililoanza mwaka 1896 huko Illinois, Marekani, kwa magunzi 163 ya mahindi. Kwa kuchagua tu mbegu kizazi baada ya kizazi, uzao wa mahindi hayohayo uligawanyika katika koo zenye protini nyingi mno na koo zenye protini kidogo mno. Waliofanya uchaguzi huo hawakutegemea macho. Tangu mwanzo walipima kemia ya punje.

Zao lililotushika zaidi ni mahindi. Mwaka 1964 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson, walitangaza kwamba mahindi yenye jeni ya opeki-2 yana lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida. Jeni hiyo hupunguza zeini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika punje ya mahindi lakini ambayo karibu haina lisini wala triptofani, asidi amino nyingine, na nafasi yake huchukuliwa na protini nyingine zenye asidi amino hizo mbili, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Habari hiyo njema ilikuja na kasoro zake, kwa kuwa punje zilikuwa laini kama chaki, zilikuwa nyepesi, zilishambuliwa upesi na wadudu wa ghalani, na mavuno yalipungua. Ilihitajika kazi ya miaka mingi ya Surinder Vasal na Evangelina Villegas katika CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano nchini Meksiko, mmoja akichagua mimea na mwenzake akipima protini maabarani, hadi jeni nyingine zinazoifanya punje iwe ngumu zilipokusanywa pamoja na opeki-2, yakapatikana mahindi yenye protini bora kama haya ya vitalu vyetu. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Tunaomba uone, Mheshimiwa, kwamba bila vipimo vya Villegas, uchaguzi wa shambani peke yake usingefika popote.

Hapo ndipo lilipo ombi letu. Jeni ya opeki-2 ni jeni fifi, maana yake hujidhihirisha pale tu punje inapoirithi kutoka upande wa mama na upande wa baba. Chavua ya mahindi ya kawaida ikipeperushwa na upepo hadi kwenye kitalu chetu, punje itakayotungwa itarudi kuwa ya kawaida msimu huohuo, hata kama mmea ulioibeba ni safi. Punje laini ya opeki-2 huzuia mwanga na punje ngumu huupitisha, hivyo tunapopanga punje juu ya sanduku la taa tunaona baadhi zikizuia mwanga kwa nusu, nyingine kwa robo, na nyingine zikiupitisha wote. Hizi za mwisho ndizo zinazotukosesha usingizi, kwa sababu inawezekana zimeharibiwa na chavua ya nje, na inawezekana vilevile kuwa ndizo bora kuliko zote, zenye lishe kamili na ugumu tuliokuwa tukiutafuta. Tukizitupa, huenda tunatupa kazi ya misimu yote iliyopita; tukizipanda, huenda tunampa mkulima mbegu ambayo jina lake halilingani na kilichomo. Taa haiwezi kutuamulia. Kinachoweza ni kupima triptofani, ambayo katika mahindi huenda sambamba na lisini kwa takriban moja kwa nne, hivyo ukiijua moja umeikadiria ya pili.

Kwa sasa sampuli zetu hupelekwa mbali, na majibu huturudia wakati mbegu imekwisha kupandwa. Majibu ya namna hiyo hayamsaidii mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi haya kwa mara ya kwanza. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisikiliza ombi hili kwa makini, akaweka jiwe la msingi la maabara mbele ya wanachama wote, na akaahidi kwamba vifaa vingefuata kabla ya mavuno. Jengo tulilimaliza kwa nguvu zetu wenyewe. Lina meza, lina mlango imara, na wanachama wetu wawili wameshajifunza kusaga na kuandaa sampuli. Vifaa havijafika, na barua zetu za kukumbushia hazijajibiwa. Mgeni mwingine alitupatia mizani ya magunia, ambayo tunaitumia na tunaishukuru kwa dhati. Hata hivyo, tunalazimika kusema kwamba katika nafaka nyingi uzito wa mavuno na asilimia ya protini huelekea kuvutana, kimoja kikipanda kingine hushuka. Kikundi kinachochagua mbegu kwa mizani peke yake kinaweza kujikuta, bila kukusudia, kinapunguza lishe katika kila kizazi.

Tunachoomba kinajulikana na kina mpaka. Kwanza ni vifaa na kemikali za kupima triptofani kwa njia ya rangi, pamoja na spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima mwanga, ya kuisoma rangi hiyo. Tukipata hivyo tu, kazi inaanza. Pili ni mashine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kupimia punje nzima, inayotoa protini, wanga na unyevu kwa muda mfupi bila kuiharibu mbegu, ili punje ileile iliyopimwa iweze kupandwa. Tunasisitiza kwamba mashine hiyo haina maana isiposawazishwa kwa vipimo vya kemia vya mahindi ya aina yetu, na kwa hiyo tunaomba isije peke yake bali ije na mtaalamu atakayekaa nasi kwa msimu mzima. Msimu mzima tunautaja kwa makusudi, kwa kuwa naitrojeni ya udongo, ukame na joto navyo hubadilisha protini ya punje, na asiyepima kwa kurudia hawezi kujua kama ubora aliouona umetoka kwenye jeni au kwenye mbolea.

Kwa unyenyekevu, tunaomba pia ahadi utakayoitoa leo iandikwe katika kitabu chetu cha wageni pamoja na tarehe ya utekelezaji na jina la ofisa atakayeifuatilia, ili tujue mlango wa kubisha. Kalamu na kitabu viko mezani kwako. Baada ya hotuba yako, Mwenyekiti atakuongoza kwenye jengo la maabara ujionee mwenyewe meza zinazosubiri vifaa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Mbegu na Ubora, na kusomwa na Katibu wa Kikundi.