Mabula akifika Migori

Kirumba, Mwanza

Mura wangu Chacha,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama Kulwa mzima, watoto wazima, dagaa wamepanda bei na mvua haitupi nafasi ya kuwaanika. Kimya changu usikilaumu, maana na wewe hukuandika.

Naandika haraka kwa sababu Mabula yuko mbioni kuja kwako, na anachokuja kukuomba nakijua. Amefungiwa leseni, miezi sita. Trafiki walimpiga tochi ya kupima mwendo akiingia Lamadi na basi limejaa, kwenye kile kipande cha hamsini, na si mara yake ya kwanza. Zile faini za elfu thelathini alikuwa anazilipa kama mtu anayenunua vocha. Safari hii hawakutaka faini. Tajiri naye hakungoja hata jioni, akampa basi dereva mwingine.

Sasa kuna kishoka mmoja pale stendi ya Nyamhongolo amemjaza maneno. Eti iliyofungwa ni leseni ya Tanzania, ya Kenya haijafungwa. Eti avuke Sirari, atafute mwenyeji, asome udereva upya, achukue leseni ya huko arudi nayo barabarani, kwani Jumuiya si moja? Na mwenyeji ni nani? Wewe. Anataka atumie anwani yako, na kama utalegea, na kitambulisho chako pia. Kishoka ameshakula chake cha mbele.

Nimembishia mpaka sauti imekauka. Aliyezuiwa ni Mabula mwenyewe, hata akija na kadi za nchi tatu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 haina mzaha hapo: mtu aliyezuiwa akijipatia leseni nyingine kabla muda haujaisha, hilo ni kosa jipya, na leseni yenyewe haina nguvu. Na huko kwenu unajua mambo yalivyo, maombi ya leseni kwa NTSA, mamlaka yenu ya usafiri, yanapita kwenye akaunti ya mtandaoni iliyounganishwa na namba ya kitambulisho, na kadi mpya inataka alama za vidole. Vidole vya Mabula na kitambulisho cha Chacha vitakutana wapi kama si polisi? Yeye atarudi Mwanza, wewe ndiye utakayebaki Migori kujieleza.

Akaniletea hoja ya Marekani, kwamba huko watu wanahama jimbo wanapata leseni mpya. Nikampigia yule mtoto wa shangazi aliyeko Ohio, nikaweka spika Mabula asikie mwenyewe. Jamaa alicheka. Akasema wanalo daftari la taifa la madereva waliofungiwa, National Driver Register, na jimbo kabla halijakupa leseni linakutafuta humo kwanza. Jina likitokea unaambiwa rudi ulikofungiwa ukamalize mambo yako. Mabula akasema hiyo ni Marekani, hapa ni Sirari. Sasa mtu wa hivyo unamjibu nini?

Na hata tuseme amefanikiwa. Leseni ya kwenda nayo sokoni haimrudishi kwenye basi. Huku madereva wa mabasi wanasajiliwa LATRA, mamlaka yetu ya usafiri wa ardhini, huko kwenu anayebeba abiria anadaiwa mpaka cheti cha mwenendo mwema. Halafu, Mungu apishe mbali, agonge mtu. Kampuni ya bima itauliza kwanza kama dereva alikuwa na ruhusa ya kuendesha. Nani atalipa? Tajiri? Mkewe, Mama Neema, na lile genge lake la nyanya?

Nikuambie ukweli, mimi nami natamani arudi barabarani leo. Magunia yangu ya dagaa alikuwa anayapakia kwa bei ya udugu mpaka mpakani, na huyu dereva mpya ananitoza kama hanijui. Kwa hiyo usidhani nazungumza kwa kuwa nimeshiba. Nimemwambia aje Mwaloni anisaidie kusimamia upakiaji mpaka muda wake uishe. Amekataa, eti abiria wake watamwona. Abiria! Watu ambao wiki iliyopita walikuwa wanampigia kelele apunguze mwendo.

Wewe anakusikiliza, tangu enzi zile za Tarime. Akifika mpe ugali, mpe pa kulala, ila kitambulisho kifiche hata chini ya godoro. Na usimwambie nimekuandikia, atanuna mpaka Krismasi. Au mwambie tu, sijui, utaona mwenyewe uso wake ukoje. Hela ya kishoka mimi nitaifuatilia, ingawa sina matumaini nayo.

Je, una kazi yoyote huko ya kumshughulisha isiyo na usukani? Yule fundi wa Isebania bado anahitaji mtu wa gereji? Shemeji amejifungua au bado? Dada yako alipata ile nafasi ya Kisumu? Zakaria alikurudishia ile jenereta, au ndiyo imekuwa yake? Na ile pikipiki ya baba mdogo umeshaikatia bima, au bado unapita njia za panya? Nijibu upesi, hata kwa ujumbe mfupi, nijue amefika salama na amekuja na maneno gani.

Wako,
Masanja