Kaka Ipyana, msianze na TV

Mwanjelwa, Mbeya

Kaka Ipyana,

Ugonile! Huku tuko salama. Kipupwe kimekaza kweli, asubuhi tunafungua duka tumejifunika mashuka ya kimasai. Salamu zako kwa Mama nilizifikisha, anakuombea, na anasema ukija usisahau lile suala la shamba la Katumba. Mama Lusajo kajifungua salama, mtoto wa kiume. Baba yake hashikiki kwa furaha.

Nilitaka nikupigie, ila wewe ukipigiwa mara uko foleni, mara uko kikaoni, na jambo lenyewe ni refu. Umeniuliza mawili: kama kampuni yenu iingie kwenye biashara ya TV, na kama nitakubali kuwa wakala wa hizo TV kwa Nyanda za Juu Kusini. Tangu nisome ujumbe wako sina raha. Sabufa na redio zenu ndizo zinazolipa kodi ya fremu hii na ada za wanangu. Jina lenu likichafuka, wateja watakuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye wanayemfahamu.

Basi nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa namna mlivyopanga, yaani kontena la TV za inchi 32 hadi 65, nembo yenu mbele, halafu mengine mtayaona mbele ya safari, nasema hapana. Na nakuomba ulisimamie hilo kwenye kikao.

Wiki hii kaja baba mmoja kutoka Chunya na TV ya inchi 43, kaileta kwenye basi kaifunga blanketi. Haijamaliza hata mwaka. Sauti ipo, picha hakuna. Fundi Anyosisye akazima taa za dukani, akamulika tochi kwenye kioo, na kweli ukitazama kwa ukaribu unamwona mtangazaji anasogeza midomo, hafifu gizani. Maana yake kioo ni kizima, bodi ni nzima, zilizokufa ni taa za nyuma. Zile taa zimepangwa kwenye vijiti, zimeunganishwa moja baada ya nyingine, hivyo ikiungua moja tu, msururu wote unazima na TV nzima inakuwa giza. Kuibadilisha lazima ukiinue kioo, watu wawili, taratibu, kwa sababu ni chembamba na pembeni kina tepe ambazo ukizivuta kidogo tu umeua kila kitu. Yote hayo Anyosisye anayaweza. Kilichomshinda ni vijiti vyenyewe. Urefu haufanani na vya toleo jingine, idadi ya taa haifanani, volti hazifanani. Tumeuliza Kabwe, tumeuliza Tunduma, tumempigia yule jamaa yetu wa Kariakoo. Hakuna. Waliouza ile TV walileta mzigo mmoja, ukaisha, mzigo uliofuata ukaja na vijiti vingine ndani ya kasha lile lile.

Yule baba akaniuliza, "Sasa mama, hawa wenye jina hili wako wapi?" Sikuwa na pa kumwelekeza. Kaka, nilimtazama anavyoifunga tena lile blanketi, nikawaza kwamba mwakani jina la kwenye kasha litakuwa lenu.

Sabufa yenu ikifa, fundi yeyote wa Kabwe anaifufua. Atabadilisha IC, ataweka kapasita, spika ataitoa kwenye sabufa nyingine kabisa, na jioni watu wanacheza muziki. Ndiyo maana mnapendwa huku. TV haina huruma hiyo. Sehemu kubwa ya gharama yake ni kioo, na kioo kikipasuka ni bora ununue nyingine. Na hicho kioo hamtakitengeneza nyinyi. Viwanda vyake ni vichache na vikubwa mno, BOE, CSOT na wenzao huko China. Hata Samsung, ambao wameongoza dunia kwa mauzo ya TV tangu 2006, waliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, sasa wananunua kwa wengine. Nyinyi mtaongeza nini pale zaidi ya nembo?

Umesema bosi wenu anapenda kutoa mfano wa Hisense, kwamba nao walianza na redio. Ni kweli kabisa, walianza Qingdao, China, mwaka 1969 na kiwanda kidogo cha redio. Na wenzao wa China, TCL, walianza 1981 wakitengeneza kanda za kaseti. Ila mwambie amalizie hadithi. Hao walijenga viwanda vyao na kuuza kwao kwanza, China nzima, kwa miaka na miaka, ndipo wakavuka mipaka. CSOT niliyoitaja hapo juu, hicho kiwanda cha vioo, TCL ndio walikianzisha mwaka 2009. Walianza na redio na kaseti, ndiyo, lakini hawakubandika nembo kwenye mali ya mwingine wakategemea miujiza.

Halafu aangalie na walioanguka. Sony! Nani hapa kwetu hakukua akilitamani jina la Sony? Upande wao wa TV ulipata hasara miaka 10 mfululizo, wakautenga ukawa kampuni ya peke yake mwaka 2014 ndipo ukaanza kupumua. Philips walikabidhi TV zao kwa TPV, kampuni inayotengeneza TV kwa majina ya wengine, mwaka 2012, jina likabaki la Philips kwenye kasha na kazi ikawa ya wengine. Toshiba wakauza asilimia 95 ya kampuni yao ya TV kwa hao hao Hisense, mkataba wa Novemba 2017. Pioneer ndio wanaoniuma zaidi. TV zao za plazma zilizoitwa Kuro zilisifiwa na wajuzi kuliko zote za wakati wake, nyeusi yake ilikuwa nyeusi hasa, na bado mwaka 2009 walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza TV. Ubora haukuwaokoa, kwa sababu bei ilikuwa inashuka kuliko wao walivyoweza kushusha gharama.

Na Apple je? Hela wanazo, jina wanalo, watu walishaanza kujipanga foleni kichwani. Mei 2015 yule tajiri Carl Icahn alimwandikia Tim Cook, aliyekuwa bosi wa Apple, barua ya wazi akisema anatarajia TV za Apple za inchi 55 na 65 mwaka unaofuata. Wiki ile ile gazeti la Wall Street Journal likaandika kwamba mpango huo Apple walishauweka kando zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Wakaendelea na kile kisanduku chao kidogo walichokianza 2007, unakichomeka kwenye TV ya mtu yeyote. Waliacha wengine wagombane kwenye vioo.

Najua utanijibu, mbona Xiaomi waliingia 2013 wakitokea kwenye simu na wamefanikiwa? Mbona Vizio wa Marekani walianza 2002 wakawa wakubwa kwa bei rahisi? Hapo ndipo pananikera, maana watu wanatazama bei ya TV tu hawatazami hela inatoka wapi. Vizio walifika mahali faida yao kubwa inatoka kwenye matangazo na huduma ndani ya TV, kuliko kwenye TV zenyewe. Mwaka 2017 walilipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na serikali kwamba walikuwa wanarekodi wanachotazama watu bila ridhaa yao. Walmart, wale wenye maduka makubwa ya Marekani, walipowanunua mwaka 2024 walisema wazi kwamba wanataka biashara ya matangazo. Yaani kule TV inauzwa karibu na bei ya kuitengeneza, halafu mtazamaji mwenyewe ndiye anayeuzwa kila jioni kupitia intaneti.

Sasa ilete hiyo Mbeya. Mteja wangu wa Ilomba akinunua TV anachomeka king'amuzi, anatazama taarifa ya habari, Ligi Kuu na tamthilia, amemaliza. Intaneti anaiwasha kwa bando la simu siku wajukuu wamekuja, nusu saa, bando limekata. Hilo tangazo lenu atalionea wapi? Kwa hiyo nyinyi mtaishi kwa faida ya kwenye kasha peke yake, na hiyo faida ni nyembamba, na itabidi itoshe usafiri, vioo vitakavyopasuka njiani, na dhamana. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800. TV inatakiwa isafiri imesimama, wewe unawajua wapakizi wetu, wanailaza na kuweka magunia juu. Ikipanda Kitonga, ikatikiswa mpaka Makambako, nikifungua kasha nikakuta ufa kwenye kona, hasara ni ya nani? Kwenye ujumbe wako hukuandika. Mimi siwezi kuchukua vioo kwa mali kauli halafu ufa uwe wangu.

Na umeme. Kule kwetu Tukuyu, mvua ile na radi zile, ukiyumba mara mbili tatu bodi ya pawa imekwenda. Wengi hawana stabilaiza. Mteja atasema TV yenu ni mbovu, na nani atambishia?

Kaka, sikatai tu kwa kukataa. Nilipokuwa naandika nimekumbuka kitu ambacho nadhani hamjakitazama. TV za chogo zilikuwa na tumbo, spika ilikaa vizuri. Hizi bapa hazina nafasi, spika ni vidude vidogo vimetazama chini au ukutani. Kila anayenunua TV kwangu anarudi baada ya muda kuuliza sabufa. Kila mmoja! Ina maana kila TV wanayouza Samsung na Hisense wanawaletea nyinyi mteja, bila nyinyi kubeba hata kioo kimoja. Tengenezeni sabufa au spika ndefu ya kukaa chini ya TV, iwe na tundu la HDMI na la optiki, rimoti iwe moja na maandishi ya Kiswahili. Hiyo nitaiuza mpaka Kyela.

Na kama bosi hawezi kulala bila TV, basi waingie kwa mlango mdogo: inchi 24 ya volti 12, inayokaa kwenye sola, kwa vijiji ambavyo mnavyo tayari kupitia zile redio. Huko watu wanawajua. Toleo moja tu, lisibadilishwe ndani kila mzigo. Vijiti vya taa na bodi za pawa viwe hapa Mbeya, Iringa na Njombe kabla TV ya kwanza haijauzwa, na Anyosisye na wenzake waitwe wafundishwe. Wakikataa kuweka spea, uwakala sichukui, hata mkinipa kwa masharti mazuri namna gani. Undugu wetu unabaki pale pale, ila hilo sitalegea.

Sasa nijibu haya kabla hamjakaa. Hicho kiwanda mtakachonunulia kitawahakikishia vijiti vile vile kwa miaka mingapi? Dhamana ni ya mwaka au miezi, na mteja wa Chunya ataipata wapi? Kioo kikipasuka njiani analipa nani? Wazo hili la TV lilitoka kwa nani hasa, kwa mauzo au kwa yule mgeni aliyekuja na sampuli? Na yule dada wa hesabu uliyesema ana msimamo, amepiga hesabu ya TV mbovu zitakazorudishwa au ya mauzo tu? Wewe mwenyewe moyoni unaona nini? Hukuniambia, umeniuliza tu mimi.

Nitumie pia ile sampuli ya inchi 32 kwa basi la usiku, imesimama, umwambie kondakta. Nataka Anyosisye aifungue tuone ndani kabla hamjasaini chochote.

Msalimie shemeji na watoto.

Dada yako,
Atupele