Virutubishi vije mashineni, mahindi ya kijijini hayapiti kiwandani

Ndugu Mhariri,

Nina mashine ya kusaga na kukoboa nje kidogo ya mji wa Mafinga, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Marehemu mume wangu aliinunua mwaka 2007 ikiwa ya dizeli, umeme ulipofika tukafunga mota. Siku ya kawaida hupita hapa madebe 40 hadi 60, na mwezi wa nane, mavuno yakishakauka, tunasaga mpaka saa mbili usiku. Nimesoma habari nyingi za udumavu, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, katika gazeti lako. Wanaotajwa ni mama na mtoto, zahanati na afisa lishe. Mashine haitajwi, na ugali wa mkoa huu karibu wote hupita kwenye chujio kama langu kabla haujafika sufuriani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania ina watoto wadumavu 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni karibu 50. Mtu wa mbali akisikia hivyo atadhani tunalala njaa. Hatulali njaa. Mahindi yetu yanalisha Dar es Salaam, na malori yanayopita barabara kuu hapa nje nayaona kila siku. Watoto wetu wanashiba. Wanashiba ugali mweupe, mchana na usiku, na mboga kidogo pembeni.

Naomba nieleze kinachotokea mashineni, maana wengi huleta debe, wakaenda sokoni, wakarudi kuchukua unga. Punje ya hindi ina ganda, ina kiini, na kilichobaki karibu chote ni wanga. Ukikoboa, ganda na kiini vyote vinatoka kwenye bomba la pumba. Debe langu la mahindi makavu ni kama kilo 18. Likikobolewa vizuri, mama anaondoka na kilo 13 hivi za sembe, nyeupe pee. Zilizobaki ni pumba, na humo ndimo yalimo mafuta ya hindi, sehemu kubwa ya vitamini zake, madini ya chuma na zinki. Wafugaji wa nguruwe wanalijua hilo, wananilipa pumba kabla hazijatoka. Nasema wazi kwamba pumba ni sehemu ya kipato changu, na zimenisaidia kusomesha watoto watatu. Kwa hiyo ninaposema tukoboe kidogo, nasema jambo linalogusa mfuko wangu.

Kwa nini basi watu wasisage dona? Nimewauliza wateja miaka mingi. Jibu la kwanza ni heshima: dona ni chakula cha jela, mgeni akipewa ataonaje. Jibu la pili lina uzito zaidi, na nawaomba wataalamu wasilipuuze. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona haukai. Wiki tatu, nne, unaanza kuwa mchungu. Mama anayetembea saa moja na nusu na debe kichwani hataki kurudi mashineni kila baada ya wiki mbili. Tena kama mahindi yalivunwa mabichi yakarundikwa ndani, uvundo na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na anayekoboa anapunguza sumu hiyo bila kujua. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu kwa sumukuvu. Dona ni nzuri, mimi nyumbani nakula dona, lakini ni dona ya mahindi niliyoyakausha mwenyewe juu ya turubai na kuyachambua kwa mkono. Nikiona punje zenye ukungu namrudishia mteja debe lake akachambue, hata akinuna.

Kwa sababu hiyo hiyo sisagi ule mchanganyiko wa mahindi, soya, karanga, ngano na ulezi unaoitwa unga wa lishe. Karanga zikishasagwa na kukaa kwenye mfuko huoza upesi, na karanga ndizo zinazopenda sumukuvu. Nawaambia akina mama: sagisha nafaka peke yake, karanga zichague, uzikaange, uzitwange kidogo kidogo nyumbani, uweke kwenye uji siku ile ile.

Sasa nije kwenye sheria. Tangu mwaka 2011 tuna kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula, na mwaka 2013 Serikali ilizindua mpango wenyewe kitaifa. Unga wa ngano na unga wa mahindi vinaongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, mafuta ya kula yanaongezwa vitamini A. Chumvi ilishatangulia kuwekwa madini joto miaka ya tisini, na ninakumbuka nilipokuwa msichana wanawake wenye rovu shingoni walikuwa wa kawaida huku nyanda za juu. Leo mtoto wa hapa hajui rovu ni nini. Nani aliyeona chumvi ikibadilika? Hakuna aliyebadilishiwa mapishi wala kutembea zaidi, na madini yakaingia katika kila nyumba.

Mahindi hayakwenda hivyo. Chumvi, ngano na mafuta vinatoka kiwandani, hakuna anayekamua mafuta jikoni kwake. Lakini mahindi mtu analima mwenyewe, anapukuchua, anayaleta kwangu, anarudi nayo. Unga wenye nembo ya virutubishi upo madukani Mafinga mjini, tena mzuri, ila anayeununua ni mfanyakazi wa mshahara na mpangaji. Mkulima mwenye magunia kumi ndani hawezi kununua unga. Sheria imemfikia mwenye fedha ikamwacha mwenye shamba, na wadumavu wengi wako kwa mwenye shamba.

Ipo mashine ndogo ya kupimia virutubishi, wenyewe tunaiita dosifaya. Inafungwa pale juu mahindi yanapomiminwa, inapima uzito wake na kudondosha virutubishi kwa kipimo, gramu chache tu kwa debe. Niliiona kwa mwenzangu anayefungasha unga. Nilipoiulizia, nikajibiwa kwamba ni ya wanaofungasha na kuuza, wa kusagisha kwa debe hatuhusiki. Naelewa ugumu wao. Mteja mmoja ana debe moja, wa pili ana sado mbili, wa tatu kaleta ulezi. Wala virutubishi si kitu cha kuchota na kijiko kwa kukisia, kwa maana madini ya chuma yakizidi nayo yanadhuru. Ila ugumu huo una mlango, na nitauonyesha.

Kwanza niseme kwa nini siwezi kunyamaza. Binti yangu wa pili alijifungua Novemba 2019. Mtoto alizaliwa na uvimbe chini ya mgongo, mwekundu, umefunikwa na ngozi nyembamba kama karatasi. Tuliambiwa ni mgongo wazi, na kwamba upasuaji ni Dar es Salaam. Tulipanda basi usiku, mimi nimempakata kifudifudi mapajani, maana hawezi kulala chali. Alifanyiwa upasuaji akiwa na siku tisa. Baadaye kichwa kikaanza kukua, tukarudi tena, akawekewa mrija wa kushusha maji kutoka kichwani. Leo ana zaidi ya miaka mitano, ni msichana mwenye maneno mengi, anajua wateja wangu wote kwa majina. Hatembei. Miguu yake haina nguvu, na mama yake amejifunza kumtoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache.

Kule wodini muuguzi alimwuliza binti yangu alianza lini vidonge vya foliki. Akasema alipoanza kliniki, mimba ya miezi minne. Hakuchelewa kwa uzembe, wengi hapa huanza hapo. Muuguzi akatueleza kwa upole kwamba mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, mama mwenyewe bado hajajua kama ni mjamzito. Kwa hiyo foliki inatakiwa iwe imeshaingia mwilini kabla. Nilikaa kwenye benchi lile nikifikiri: binti huyu amekula ugali wa mashine yangu maisha yake yote. Mimi ndiye niliyemsagia. Siwezi kudai kwamba unga wenye virutubishi ungemwokoa mjukuu wangu, kwa sababu si kila mgongo wazi unatokana na upungufu wa foliki. Lakini kidonge kinamsubiri mwanamke aende kliniki, na ugali anaula kila siku iendayo kwa Mungu.

Wapo watakaosema watu wa Iringa ni wagumu kubadilika. Nakataa. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 14 ulipoanza mpango wa lishe wa Iringa, uliosaidiwa na WHO na UNICEF, katika vijiji 168. Kijiji chetu kilikuwa kimojawapo. Kila baada ya miezi mitatu tulibeba wadogo zetu kwenda kupimwa, wananing'inizwa kwenye mzani wa mviringo uliofungwa kwenye mti, na kadi ilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mdogo wangu alikuwa kwenye nyekundu. Mama alifundishwa kuweka kimea kwenye uji. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa. Unapika uji mzito, ukipoa kidogo unatia kijiko kimoja cha kimea, uji unalegea na kuwa mwepesi wa kunyweka. Mtoto mdogo mwenye tumbo dogo anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Kumbe bibi zetu walikuwa nacho kimea miaka yote, wanapikia togwa. Mdogo wangu alifika kijani. Ni fundi seremala leo, Makambako.

Utaalamu ule ulikutana na watu wenyewe mahali walipo, chini ya mti, na kitu wanachokijua. Ndiyo maana naomba safari hii mahali pawe mashineni.

Mlango niliousema ni mahindi ya shule. Katika shule ya msingi iliyo karibu nami kila mzazi anachanga debe moja la mahindi na sado ya maharage. Shule inaleta kwangu magunia kumi au kumi na mawili kwa mkupuo, yameshachanganyika, hayana ugomvi wa debe la nani. Walaji wanajulikana kwa idadi, kamati ni moja, daftari ni moja. Hakuna mzigo ulio rahisi kuliko huo kwa dosifaya. Shule za sekondari ni vivyo hivyo, na huko ndiko waliko wasichana walioanza hedhi, wanaohitaji sana madini ya chuma. Halmashauri ifunge kifaa kwenye mashine moja tu katika kila kata, ile inayosaga mahindi ya shule, na bei ya virutubishi iingie kwenye mchango wa chakula ambao wazazi tayari wanatoa. Kifaa kikishakuwepo, mama mwenye debe lake naye atapita hapo hapo, na asiyetaka asilazimishwe.

Nimeshaongea na kamati ya shule. Kwanza walikubali tusage nusu dona, tena kila baada ya wiki mbili ili unga usichachuke, na mpishi anachanganya nusu kwa nusu na sembe. Watoto walilalamika siku mbili. Pia tumekubaliana chai ya rangi isiendane na maharage, inywewe mapumziko ya asubuhi, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Jambo hili si jepesi kulisema Mufindi, wilaya ya chai. Haya tumeyafanya bila shilingi ya mtu. Virutubishi hatuwezi kujitungia wenyewe.

Nipo tayari kuchangia nusu ya gharama ya kifaa na kusimamisha mashine siku nzima fundi akifunga. Nipo tayari kukaguliwa na Shirika la Viwango (TBS) wakati wowote, na kuandika kila kilo ninayosaga. Nimepeleka barua ya kuomba haya, na leo naiandika tena hapa gazetini ili wasagaji wenzangu wa Njombe na Rukwa nao waombe. Jina na namba yangu nimekuachia wewe, Mhariri, atakayehitaji aombe kwako. Magunia ya shule ya muhula huu yanaletwa Jumatatu.

Mwenye mashine ya kusaga,
Mafinga, Mufindi