Mubende usiifute kwenye hotuba yako

Arua

Ndugu yangu Swalehe,

Salaam aleikum. Wa nyumbani hawajambo? Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Mama Zaitun kanifikishia karatasi yako ya mdahalo wa Bombo. Suala la kiwanja litangoja. Hili la karatasi haliwezi kungoja.

Umeandika kwamba serikali hii ya Uganda haijafanya lolote tangu 1986. Hasira yako naielewa, na ile sehemu ya watu wanaokamatwa bila kufikishwa kortini usiiguse hata nukta. Lakini hilo "lolote" litakuangusha. Mtu wa upande wa pili akisimama akasema "Ebola", utamjibu nini?

Tazama wilaya ya Mubende. Septemba 20, 2022 wizara ya afya ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan. Chanjo ya Ervebo huzuia aina ya Zaire tu, kwa hiyo kinga ya sindano haikuwapo. Ikabaki kazi ya miguu. Kila aliyemgusa mgonjwa aandikwe, atembelewe siku 21 mfululizo, apimwe joto. Akipata homa atengwe upesi, damu yake ipimwe. Walifuatiliwa watu zaidi ya 4,000! Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, wakafa 55, na Januari 11, 2023 ikatangazwa kwisha. Hata kutangaza kuna masharti: mgonjwa wa mwisho akishatoka huhesabiwa siku 42, na akizuka mwingine katikati, hesabu inaanza moja. Aina hiyohiyo ilipoingia Gulu mwaka 2000 iliua watu 224, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor akiwemo.

Kazi hii huharibika mapema. Homa ya siku za kwanza hufanana na malaria, basi mgonjwa huzungushwa kliniki hii na ile, kisha kwa mganga, na kila anakopita anaacha watu wa kuandikwa. Akifa, kuosha maiti kunaongeza wengine. Au aliye kwenye orodha anapanda matatu kwenda Kampala. Ndiyo sababu Mubende na Kassanda zilifungwa Oktoba 15. Wachuuzi waliumia, nalo hilo liseme.

Halafu klorini, maana watu hudhani ni kumwaga tu. JIK, ile dawa ya klorini ya dukani, ya asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, hiyo ni ya sakafu na vitanda. Ya mikono unachukua kikombe kimoja cha mchanganyiko huo, unaongeza tisa vya maji. Ukiwapa watu ile kali, ngozi inababuka na kesho hawanawi. Ikilala inapungua nguvu, kwa hiyo kila asubuhi unachanganya upya. Aliyepita nyumba kwa nyumba kufundisha na kuulizia homa ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, mtu wa kujitolea asiye na mshahara. Hapo ndipo pa kuwabana, Swalehe! Kubali kwamba mpango ulifanya kazi, kisha uliza kwa nini walioubeba hawamo kwenye orodha ya mishahara. Ukikana kazi yenyewe, umewakana na wao.

Na usiruke 2025. Mwaka 2022 dozi za chanjo ya majaribio zilifika mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Mwaka 2025 mlipuko mpya ulitangazwa Januari 30, na Februari 3 watu walikuwa wanachanjwa kwenye majaribio. Maandalizi yaliachwa tayari, hayakutupwa kabatini. Hilo nalo tulikatae kwa sababu tu... hapana.

Sasa niambie, mdahalo bado ni Jumamosi? Upande wa pili anasimama nani, yule mwalimu? Mmepewa dakika ngapi? Hajji ameisoma hiyo karatasi, na alisemaje? Utaniletea nakala mpya kabla hujaipeleka?

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Ramadhani